Uso Mkunjufu na Moyo wa Kweli

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mithali 14:13, 15:13, 17:22, Nehemia 1:1–4, 2:1–8, 2 Samweli 20:8–10, Mathayo 6:16–18, Mwanzo 40:6–8, Ayubu 29:24, 1 Samweli 1:9–18, Yohana 11:33–35, Warumi 12:15.

Fungu la kukariri: Mithali 15:13.

Mfikirie mama mmoja mjane wa Kaagya, mkoani Kagera. Kila Jumapili alfajiri hufunga mikungu ya ndizi kwenye bodaboda na kuingia sokoni Bukoba mjini kabla jua halijapanda. Sokoni anajulikana kwa uso wake mkunjufu. Wapo wateja wanaopita meza tatu za ndizi nzuri ili wakanunue kwake, kwa sababu tu anawapokea vizuri.

Sabato moja mama huyu alikaa kanisani kimya, ameinamisha kichwa. Ibada ilipokwisha, dada mmoja alimshika mkono akamwambia kwa upole, "Mama, mbona leo huna furaha? Mtu wa Mungu hutabasamu." Mama akatabasamu. Kisha akaenda nyumbani, akafunga mlango, akalia. Siku ile ilikuwa imetimia mwaka mmoja tangu mumewe azikwe.

Dada yule hakukusudia ubaya. Huenda alikuwa amesikia, kama wengi wanavyosikia siku hizi, kwamba tabasamu hutuliza moyo, huongeza siku za kuishi, huvuta wateja na kufungua milango ya kazi. Katika maneno hayo kuna ukweli. Lakini tabasamu alilolipata dada yule halikumfaa mama kitu.

Somo la juma hili linauliza maswali matatu. Je, tabasamu lina faida gani hasa kwa mwili? Je, lina faida gani katika kazi na biashara? Na swali lililo gumu kuliko hayo: Je, mtu anayetabasamu huku moyo wake unalia anasema uongo kwa uso wake?

JUMAPILI
Kicheko cha Kashasha

Soma Mithali 14:13. Fungu hili linasema nini kuhusu mtu anayecheka?

Mkoa wa Kagera una habari moja inayojulikana na madaktari duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, majuma saba na siku chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu walianza kucheka katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, eneo ambalo leo liko katika Wilaya ya Muleba. Hawakuweza kujizuia. Baada yao wakafuata wengine, na wengine tena. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na hali hiyo. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu hawakupatwa hata mmoja.

Wasichana walirudishwa makwao, na kicheko kikaenda pamoja nao. Huko Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wakiwa vijana na watoto wa shule. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, lakini kabla ya mwezi Juni kwisha ikalazimika kufungwa mara ya pili. Hadi mambo yalipotulia, shule 14 zilikuwa zimefungwa kwa muda. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka, na wengine waliuita akajanja, yaani wazimu.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza jambo hilo na kuandika taarifa yake mwaka 1963. Walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza na chakula. Hawakuona sumu wala kijidudu. Baadhi ya watu walidhani unga wa mahindi ulikuwa umetiwa sumu. Wengine walidhani hewa ilikuwa imechafuliwa na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa nchi za mbali. Hakuna lililothibitika. Hakuna aliyekufa.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama kichekesho, kana kwamba kijiji kizima kilishikwa na furaha kwa mwaka mzima bila kupumzika. Taarifa ya madaktari inasema vingine kabisa. Kicheko kilikuja kwa vipindi na kuondoka. Kwa mtu mmoja hali hiyo iliweza kudumu saa chache tu, au kufika siku 16. Kicheko kilichanganyika na kilio. Wagonjwa walihangaika, wengine walikimbia huku na huku wakiogopa, na waliposhikwa ili watulizwe walipambana. Mwaka 2007 mtafiti Christian Hempelmann aliipitia habari hiyo upya, akasisitiza kwamba haikuwa na uhusiano wowote na furaha wala mzaha. Aliiweka katika kundi la maradhi yatokanayo na msongo wa mawazo, ambayo huenea katika kundi la watu walio chini ya shinikizo na wasio na njia ya kulisema.

Watoto wale walikuwa mbali na mama zao, chini ya kanuni kali, katika nchi iliyokuwa inabadilika haraka, huku wazazi na walimu wakiwatazamia mambo makubwa. Haiwezekani leo kujua kila kilichokuwa moyoni mwa kila msichana. Lakini neno la Sulemani katika Mithali 14:13 lilionekana waziwazi katika mabweni ya Kashasha: mdomo uliweza kucheka huku moyo ukiwa na maumivu.

Somo la kwanza basi ni hili. Uso ni shahidi, ila si shahidi wa kutosha. Anayeona meno ya mwenzake hajaona moyo wake bado.

Ni mara ngapi umemwona mtu akicheka, ukakata shauri kwamba hana shida yoyote? Ulikuja kugundua nini baadaye?

JUMATATU
Dawa Iliyo Moyoni

Soma Mithali 15:13 na 17:22. Katika mafungu haya, kitu gani hutangulia: uso au moyo?

Miaka 100 kabla ya habari ya Kashasha, mwaka 1862, daktari Mfaransa aitwaye Duchenne alitoa kitabu kuhusu misuli ya uso. Alionyesha kwamba tabasamu hutumia zaidi ya mdomo. Msuli mmoja huvuta pembe za mdomo kwenda juu, na mtu yeyote anaweza kuuamuru. Msuli mwingine huzunguka jicho; huo ndio unaoinua mashavu na kuleta mikunjo midogo pembeni mwa macho. Huu wa pili hautii amri kwa urahisi. Kwa kawaida huamshwa na furaha yenyewe. Hata bibi asiyejua kusoma hulijua jambo hili kwa njia yake, humtazama mjukuu machoni, akamwambia, "Unacheka na meno tu."

Je, tabasamu linaweza kurudi nyuma na kuugusa moyo? Wataalamu wamelitafuta jibu kwa muda mrefu. Mwaka 1988 watafiti waliwapa watu kalamu waishike kwa meno, ili misuli ya uso ikae mkao wa tabasamu bila wao kujua sababu. Watu hao waliona katuni kuwa za kuchekesha zaidi. Jaribio hilo likawa maarufu sana. Lakini mwaka 2016 maabara 17 zilipolirudia, matokeo yale hayakuonekana. Mwaka 2022 kundi kubwa likiongozwa na Nicholas Coles lilitoa matokeo ya watu 3,878 kutoka nchi 19. Mchezo wa kalamu haukuleta jibu la uhakika. Hata hivyo, wale waliofanya tabasamu kwa hiari, au walioiga uso wa mtu mwenye furaha, walisikia furaha kuongezeka. Iliongezeka kidogo, lakini iliongezeka.

Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2012 na Tara Kraft na Sarah Pressman uliwahusu watu wapatao 170 waliopewa kazi za kuwasumbua. Waliokuwa wametabasamu wakati wa kazi, hasa kwa tabasamu lililofika machoni, mapigo ya mioyo yao yalitulia vizuri zaidi taabu ilipokwisha.

Faida ipo, basi, na haifai kudharauliwa. Mtu aliyechoka anayejilazimisha kidogo kukunjua uso anapoingia nyumbani anaweza kujikuta amepata nafuu, na watoto wake wamepata nafuu kubwa kuliko yake. Lakini faida hiyo ina mipaka. Tabasamu halishushi homa ya malaria wala haliondoi kisukari. Mtu ambaye kwa majuma mengi halali, hali, na haoni tena sababu ya kuamka anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kwa mhudumu wa afya. Kumwambia atabasamu ni kumpa jino la pembe, na wahenga walikwisha kusema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Yafaa kuangalia kwa makini jinsi Sulemani alivyoyapanga mambo. Katika Mithali 15:13 huanza na moyo, kisha uso hufuata. Katika 17:22 dawa anayoisifu iko moyoni. Mdomo hautajwi kabisa. Anayetaka faida ya uso mkunjufu anaelekezwa kwanza kwenye chanzo chake: usingizi wa kutosha, chakula kizuri, kazi ya halali, pumziko la Sabato, dhamiri isiyomshitaki, na rafiki wa kumwambia yaliyo moyoni. Ellen G. White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, alitenga sura nzima kwa habari ya akili na mwili, jinsi vinavyoathiriana katika ugonjwa na katika afya.

Katika mambo yaliyotajwa hapa, lipi limekauka katika maisha yako? Ungefanya nini juma hili ili kulirudisha?

JUMANNE
Biashara Haigombi

Soma Mwanzo 33:1–11. Kwa nini uso wa Esau ulikuwa na maana kubwa kwa Yakobo siku ile?

Waswahili husema biashara haigombi, na wachuuzi wa soko la Bukoba hawahitaji mtaalamu wa kuwathibitishia. Ndizi ni zilezile na bei ni ileile. Mteja huenda kwa yule anayemwamkia, anayemkumbuka mtoto wake aliyekuwa mgonjwa, anayempunguzia bila kumnunia. Mwalimu mwenye uso mkunjufu huulizwa maswali na wanafunzi wake. Mwalimu mkali huachiwa ubao peke yake. Mgonjwa anayepokewa vizuri dirishani husema ukweli wote wa ugonjwa wake. Aliyefokewa hujibu maswali mawili na kuficha la tatu, na pengine hilo la tatu ndilo lililobeba ugonjwa.

Mafanikio ya namna hii yana sababu inayoeleweka. Tabasamu humwambia mwingine kwamba njia ni salama. Yakobo alikwenda kukutana na Esau akitetemeka, ametanguliza zawadi na kuwagawa watu wake makundi. Alichokiogopa zaidi ya upanga kilikuwa uso wa ndugu yake. Alipouona umekunjuka, aliufananisha na uso wa Mungu. Miaka 20 ya hofu ilikwisha kwa uso mmoja.

Utafiti nao umejaribu kulipima jambo hili. LeeAnne Harker na Dacher Keltner walichunguza picha za wanawake waliomaliza chuo kimoja cha California mwaka 1958 na 1960. Wale ambao nyuso zao zilionyesha furaha ya kweli walielekea, hata walipofika umri wa miaka 52, kuwa na maisha yenye kuridhisha zaidi na ndoa zenye raha zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2010 ulidai kwamba wachezaji wa besiboli wa Marekani waliotabasamu sana pichani mwaka 1952 waliishi muda mrefu zaidi. Watafiti wengine walipolijaribu dai hilo mwaka 2018, halikusimama. Na hata pale uhusiano unapoonekana, haujulishi kwamba tabasamu ndilo lililoleta maisha mema. Huenda nyumba yenye amani ndiyo iliyomfundisha msichana kutabasamu, na amani hiyohiyo ikamfuata ukubwani.

Lipo pia jambo ambalo wahubiri wa mafanikio hulipita haraka. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika juu ya wahudumu wa ndege, ambao tabasamu lao lilikuwa sehemu ya kazi waliyolipwa. Alionyesha kwamba kutabasamu kwa amri siku nzima ni kazi inayochosha kama kubeba mizigo, na kwamba baadhi yao walifika mahali wasijue tena lipi ni tabasamu lao na lipi ni la mwajiri. Jambo hili lipo Afrika Mashariki pia. Lipo kwa msichana wa kazi za ndani anayetukanwa na kuambiwa asinune, na kwa mhudumu wa hoteli anayeguswa na mgeni kisha kuambiwa acheke. Tajiri au bosi anayedai uso mkunjufu kwa watu aliowacheleweshea mishahara anadai matunda ya mti ambao hakuumwagilia maji.

Je, watu walio chini yako, nyumbani au kazini, hutabasamu kwa sababu wanakupenda au kwa sababu wanakuogopa? Utajuaje tofauti?

JUMATANO
Uso Mbele ya Mfalme

Soma Nehemia 1:1–4 na 2:1–8. Kwa nini Nehemia aliogopa mfalme alipouona uso wake?

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Katika majumba ya wafalme wa zamani, mtumishi hakutarajiwa kuleta huzuni zake mbele ya kiti cha enzi. Kwa mtu aliyeshika kikombe cha mfalme mambo yalikuwa mazito zaidi, maana uso wenye mashaka ungeweza kufasiriwa kama dalili ya njama. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu. Alilia, akafunga, akaomba. Lakini hadi mwezi wa Nisani, yapata miezi minne baadaye, alikuwa hajawahi kuonekana na huzuni mbele ya mfalme.

Je, miezi hiyo minne Nehemia alikuwa mwongo? Biblia haimlaumu. Alikuwa na mahali pa kulia, mbele za Mungu wake, na alikuwa na kazi ya kufanya. Alichukua huzuni yake mahali panapostahili na kuifanya kazi yake kwa uso wa kazi. Mama wa Kaagya anapompokea mteja kwa uso mkunjufu siku ya majonzi, hamdanganyi kitu. Mteja hakuja kuuliza habari za msiba. Amekuja kununua ndizi, na mama amempa ndizi pamoja na heshima.

Linganisha na 2 Samweli 20:8–10. Yoabu alimsalimu Amasa kwa maneno ya kindugu, akamshika ndevu kama mtu anayetaka kumbusu, na mkono wa pili ulikuwa na upanga. Huo ndio uso wa uongo. Ukunjufu wake ulikuwa chambo. Ndivyo alivyo tapeli anayemchekea mkulima wa kahawa huku mizani yake imechezewa, na ndivyo alivyo mgombea anayekumbatia wazee mwaka wa uchaguzi tu.

Ipo pia hila ya upande mwingine. Katika Mathayo 6:16–18 Yesu aliwakemea watu waliokunja nyuso makusudi ili waonekane wamefunga. Aliwafundisha wanafunzi wake wanawe uso na kujipaka mafuta, mfungo wao ubaki siri yao na Baba. Kwa hiyo huzuni ya kuonyesha inaweza kuwa uongo sawasawa na furaha ya kuonyesha. Na kuificha shida yako kwa uso uliooshwa si dhambi yenyewe.

Kipimo, basi, kinapatikana kwa kuuliza: Uso huu unamtafutia nani faida, na unamnyima nani ukweli anaoudai kwa haki? Tabasamu linalompumzisha mwingine ni zawadi, hata kama aliyelitoa amechoka. Tabasamu linalomnyang'anya mwingine ni wizi, hata kama limefika machoni. Na tabasamu analotolewa mtu kwa shinikizo, ili tu wanaomzunguka wasisumbuliwe na maumivu yake, ni kodi. Hilo ndilo alilotozwa mama wa Kaagya mlangoni pa kanisa.

Habari ya Nehemia ina mwisho unaostahili kuangaliwa. Siku moja huzuni yake ilionekana usoni. Mfalme wa kipagani hakumwambia atabasamu. Alimwuliza sababu, akasikiliza, akauliza anataka nini. Kwa swali lile kuta za Yerusalemu zilianza kujengwa. Laiti Artashasta angemwambia mnyweshaji wake achangamke, Nehemia angechangamka, na kuta zingebaki chini.

Ni nani katika maisha yako anayekudai ukweli ambao umekuwa ukimfichia kwa tabasamu?

ALHAMISI
Kutabasamu kwa Ajili ya Mwingine

Soma Mwanzo 40:6–8, Ayubu 29:24, Yohana 11:33–35, Warumi 12:15. Watu hawa waliutumiaje uso wao kwa wengine?

Yusufu alikuwa gerezani kwa kosa asilolitenda. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kununa, ni yeye. Lakini asubuhi moja aliwatazama wafungwa wawili, akaona nyuso zao si kama jana, akauliza sababu. Mtu aliyefungwa kwa uonevu alikuwa bado na nafasi ya kuona uso wa mwenzake. Swali hilo dogo ndilo lililofungua, baada ya miaka miwili, mlango wa gereza lake.

Ayubu, akizikumbuka siku zake njema, alilihesabu tabasamu miongoni mwa matendo yake. Aliwatabasamia watu waliokata tamaa, na uso wake ukawatia moyo. Hapo tabasamu limefika mahali pake pa heshima: limetoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye na kitu, bila kutaka malipo.

Kagera inajua thamani ya jambo hili. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilibaki na bibi na wajukuu. Ugonjwa uliua, na kutengwa nako kuliumiza. Kwa mtu ambaye majirani walikuwa wameacha kula naye sahani moja, jirani aliyeingia, akaketi karibu na kitanda, akamtazama usoni na kutabasamu, alifanya tendo ambalo hakuna kidonge kingeweza kulifanya. Leo dawa zipo na watu wanaishi. Hitaji la uso usiotenga halijaisha.

Lakini Mtume Paulo, katika Warumi 12:15, ameweka pande mbili katika fungu moja. Ipo furaha ya kushiriki na upo msiba wa kushiriki. Yesu, kabla hajafika kaburini kwa Lazaro, alijua kwamba baada ya muda mfupi maiti atatoka. Angeweza kuwatabasamia Mariamu na Martha na kuwaambia wasubiri kidogo. Alilia pamoja nao kwanza. Desturi ya msiba vijijini inaufahamu ukweli huu. Watu huja, huketi, hunyamaza, hulala hapohapo. Hakuna anayemwambia mfiwa achangamke siku ya kwanza. Uso unaofanana na uso wa mfiwa ndio unaomfaa wakati huo.

Wapo pia wasioweza kutabasamu kwa sababu zisizoonekana. Yupo aliyepooza misuli ya uso. Yupo mwenye mtetemo wa uzeeni ambao umeukaza uso wake. Yupo aliyekulia maeneo ya Arusha au Kilimanjaro yenye maji ya floraidi nyingi, ambaye meno yake yalipata rangi ya kahawia tangu utoto, naye amezoea kufunika mdomo kwa kiganja. Kuhukumu moyo wa mtu kwa uso wake ni kumwonea mtu kama huyo.

Habari ya Hana katika 1 Samweli 1 inayakusanya haya yote. Mumewe alimpenda, lakini alimwuliza kwa nini analia, kana kwamba upendo wake ungetosha kufuta machozi. Kuhani Eli aliutazama mdomo wake ukicheza bila sauti, akadhani amelewa. Wote wawili waliusoma uso vibaya. Hana akamwaga yaliyo moyoni mbele za Bwana, na Eli, alipokwisha kusahihishwa, akambariki. Fungu la 18 linaeleza kwamba Hana alikwenda zake akala, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Samweli alikuwa hajatungwa mimba. Hakuna kilichobadilika nyumbani kwake. Kilichobadilika ni kwamba amesikilizwa.

Nani anahitaji uso wako juma hili: tabasamu lako, au machozi yako?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika Hesabu 6:24–26 makuhani waliagizwa kuwabariki Israeli kwa baraka inayotaja uso wa Mungu mara mbili. Baraka hiyo inamwonyesha Mungu kuwa wa kwanza kukunjua uso. Mtoto mchanga hujifunza jambo lilo hilo mapema. Kabla hajajua neno lolote, akiwa na umri wa majuma sita hadi manane hivi, huanza kuujibu uso wa mama unaomwinamia. Mtoto hutabasamu kwa sababu ametabasamiwa.

Kwa dada yule wa kanisani, jibu la somo hili ni jepesi kulielewa na gumu kulitenda. Alikuwa na haki ya kutamani kuiona furaha ya mama. Alikosea alipoidai kabla ya kuuliza. Angekaa kando yake kwenye benchi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, leo kuna nini?" pengine mama angelia palepale mbele za watu. Kisha, kabla ya kuagana, labda angetabasamu. Na tabasamu hilo lingefika machoni.

Maswali ya Kujadili

1. Watu wengi hufundisha kwamba ukitabasamu kila siku utafanikiwa. Ni sehemu gani ya fundisho hilo ni kweli? Inaweza kumdhuru nani?

2. Wasichana wa Kashasha mwaka 1962 hawakuwa na njia ya kusema yaliyowasumbua, na miili yao ikasema. Katika familia, shule na makanisa ya leo, vijana wana nafasi gani ya kuyasema yaliyo moyoni bila kukemewa? Darasa lenu linaweza kufanya nini?

3. Linganisha uso wa Nehemia, uso wa Yoabu na uso wa Yusufu. Mkitumia kipimo cha Jumatano, jadilini mifano kutoka sokoni, ofisini na nyumbani: lini tabasamu ni zawadi, lini ni wizi, na lini ni kodi?

4. Mtu akiingia kanisani kwenu akiwa na uso wa huzuni, nini hutokea kwa kawaida? Kubalianeni, kama darasa, swali moja ambalo mtamwuliza kabla ya kumwambia neno lolote.